Mtaa Uliorefuka kwa Siku Moja

Mahabusu ya kituo kile ilikuwa na wakazi watatu: baiskeli isiyo na mwenyewe, mbuzi aliyekamatwa akila bustani ya hakimu, na mama wa miaka hamsini na nane aliyeshtakiwa kwa kumpa mtoto sumu. Kati ya hao watatu, mbuzi peke yake ndiye aliyekuwa na ushahidi wa kutosha dhidi yake.

Inspekta alivuta stuli akaketi. Watu walimwita Afande akiwa mbele yao na Shangazi akishageuka, kwa sababu ya tabia yake ya kuingia nyumba ya mtu na kuchungulia chini ya kila kitu kabla hata hajakaribishwa maji. Nyuma yake alisimama konstebo mmoja mrefu kupita kiasi, ambaye kikosi kizima kilimwita Mnara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mbuzi mnamwachia lini? Amekwisha kula pindo la gauni langu, sasa ananiangalia mkono."

Mtaani alijulikana kama Mama Fimbo. Kwa mwaka wa saba sasa ndiye aliyegawa vidonge vya kichocho nyumba kwa nyumba, bila mshahara, na kwa ukali ambao mwenye mshahara hauthubutu. Jumanne asubuhi alimpa dawa binti wa Kinyozi, mtoto wa miaka minne. Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa ametapika mpaka akazimia. Jumatano Kinyozi aliandikisha mashtaka. Jioni ile ile mwenyekiti wa mtaa alisaini karatasi kwamba wakazi wake wameikataa dawa, yote, daima.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Saa kumi gari la wilaya lingekuja kubeba makopo ya vidonge, na likishaondoka lisingerudi mpaka mwaka mwingine. Watoto wa mtaa ule walioga kwenye mfereji mmoja, na nusu yao walikojoa damu. Hilo nalo lilikuwa kwenye faili, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo.

"Nieleze kazi yako hatua kwa hatua," Inspekta alisema. "Nichukulie mimi ni mjinga."

"Sitapata shida," alijibu Mama Fimbo.

Mnara alikohoa. Inspekta aliandika tarehe.

"Kwanza nauliza, umekula? Dawa hii haitaki tumbo tupu. Pili, vua viatu. Tatu, simama kwenye fimbo, visigino viguse, uso mbele, usijinyooshe kama unaitwa kupokea zawadi. Kichwa kikifika rangi gani, ndiyo vidonge vyako. Njano kimoja. Zinapanda hivyo mpaka nyekundu juu kabisa, vitano. Asiyefika njano hapewi kitu, hata agaegae. Nne, unameza nikikutazama, unafungua mdomo, unainua ulimi. Tano, naandika."

"Hupimi kwa mizani?"

"Mizani ya kubebwa kichwani nyumba mia mbili? Fimbo inatosha."

"Na binti wa Kinyozi alifika njano?"

"Alifika akapita. Upana wa vidole vinne." Mama Fimbo aliviinua vidole vinne, akavitazama mwenyewe. "Hata nilishangaa. Nikamwambia mama yake, jamani, Kifaranga amekua."

Inspekta aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, akapigia mstari.

"Makopo unayafungia ndani. Na fimbo?"

"Fimbo haikai kwangu. Tulikubaliana kwenye mkutano, siku ile ile waliyonichagua. Fimbo inalala nyumba yenye zamu ya kesho, na asubuhi kazi inaanzia hapo hapo. Hivyo hakuna wa kusema nimemruka, na kila nyumba inaiona fimbo ni yake." Alijifuta jasho. "Ndiyo maana mtaa wangu haujawahi kukataa. Mpaka juzi."

"Nani alikuwa anakuonea wivu, mama?"

"Nisimtaje mtu, nitaonekana mbaya." Akanyamaza kwa muda wa heshima, kama sekunde mbili. "Daktari wa Dirishani."

*

Daktari wa Dirishani hakuwa daktari. Alikuwa na duka la dawa lenye dirisha la nyavu, na nyuma ya nyavu zile aliuza panadoli kwa uso wa mtu anayetangaza msiba. Miaka saba iliyopita aligombea kugawa dawa. Wakazi walipiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya wanayemtaka, na nyuma yake walisimama watu watatu, mmoja wao akiwa amesimama tu akimsubiri mkewe.

"Jumatatu jioni ulikwenda kwa Mama Fimbo," Inspekta alisema. "Ukashika kopo la vidonge."

"Nilisoma tarehe ya kuisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa naomba iwe imepita." Alilisema hilo bila aibu yoyote. "Haikuwa imepita, Afande. Bado mwaka na miezi miwili. Nikarudi kwangu kwa uchungu."

"Kopo lilikuwa limefunguliwa?"

"Tangu asubuhi. Nyumba tisa zilikwishakula humo. Mimi mwenyewe nilikula humo, vinne, mbele yake, na ulimi nikainua. Kama nimetia sumu, basi nilitia halafu nikasubiri foleni kuila."

Inspekta alifungua rejista ya Mama Fimbo, akafuata mstari kwa kidole. Nyumba ya saba, Jumatatu, vidonge vinne. Kweli.

"Uliumwa?"

"Hata kuharisha! Na ningependa kuharisha, ili niseme." Aliegemea nyavu. "Jumatatu hakuna aliyeumwa. Ila tangu Jumanne sijapumzika. Wanakuja na kizunguzungu, wanakuja na kichefuchefu, wanashika kuta. Wote ni wa ule upande wa Kinyozi. Nimeuza dawa ya kutapika mpaka imeniishia."

"Kopo ni lile lile?"

"Lile lile. Nililitamani kosa liwe la yule mama, Afande. Nimelitafuta sana. Sikulipata."

Nje, Mnara alikuwa ameegemea ukuta na kielelezo namba moja begani: ile fimbo, ndefu, yenye mikanda ya rangi. Kundi la mafundi baiskeli lilikuwa limeshaanza kumtania.

"Afande! Mpime huyo kwanza, mpe kopo zima!"

"Huyo anywe dawa na ya mwakani kabisa!"

"Twende zahanati," Inspekta alisema. "Na usiwajibu."

"Sijawajibu, Afande. Nimewatazama tu."

"Usiwatazame kutokea huko juu. Wanaona unawadharau."

*

Nesi wa zahanati alikuwa pia mtunza stoo, mpiga sindano, mpokea wageni na, siku za mvua, mziba paa. Aliwaweka kwenye benchi la wajawazito.

"Nimesema na nitasema hata mahakamani," alianza. "Mama Fimbo ni mwenzangu lakini kapitiwa. Mtoto alipozinduka nilimsimamisha kwenye ukuta wangu wa vipimo pale. Sentimita themanini na nane. Njano inaanzia tisini na nne. Hakutakiwa kupewa hata nusu. Mtoto mwenyewe mdogo wa umbo, tena hakuwa ameshiba. Angeweza kutufia."

"Mama Fimbo anasema alipita njano kwa vidole vinne."

"Basi anadanganya."

"Anayedanganya angesema alifika tu. Angeviongeza vidole vinne vya nini?"

Nesi akaenda kumfunga mtu kidonda. Inspekta alibaki na rejista magotini. Lilikuwa daftari moja lililotumika miaka yote saba, kila mwaka na safu yake, hivyo vidonge vya mwaka jana vilikaa ubavuni mwa vya mwaka huu. Alisoma nyumba za Jumatatu. Watu wazima wote walipata idadi ile ile ya mwaka jana. Watoto wawili watatu walikuwa wamepanda rangi moja, kama inavyotarajiwa kwa watoto. Kisha akageuza ukurasa.

Akausoma mara moja. Akausoma tena kwa kutokea chini.

"Mnara. Watu wanakoma kurefuka wakiwa na umri gani?"

"Wengine hawakomi, Afande," alisema Mnara kwa huzuni.

"Fundi viatu wa nyumba ya kumi na mbili ana miaka sabini na moja. Mwaka jana vidonge vitatu, mwaka juzi vitatu. Jumanne, vinne."

"Labda aliomba aongezewe."

"Mkewe, sitini na sita. Kutoka vitatu hadi vinne. Kinyozi mwenyewe, kutoka vinne hadi vitano. Nyumba kumi na moja za Jumanne. Niletee humu mtu mzima mmoja ambaye hajaongezeka."

Mnara alikaa akasoma, midomo ikicheza. Benchi lilikuwa fupi na magoti yake yalimfika kidevuni. Aliwapata watano ambao idadi yao haikubadilika, akawataja kwa furaha.

"Hao walikuwa na vitano tangu mwaka jana. Juu ya vitano hakuna rangi. Wengine?"

"Hakuna, Afande. Wote wamerefuka." Akainua uso. "Mtaa mzima umerefuka Jumanne?"

"Vikongwe kwa vijana. Au?"

Wote wawili waligeuka kuitazama fimbo iliyoegemea mlangoni. Ilionekana kama fimbo yoyote isiyo na hatia.

"Nesi!" Inspekta aliita. "Fimbo za mitaa mingine mnaweka wapi?"

Zilikuwa stoo, sita, zimetundikwa kwenye misumari. Inspekta aliichagua moja, akaisimamisha sakafuni ubavu kwa ubavu na ya Mama Fimbo. Njano haikukutana na njano. Kijani haikukutana na kijani. Kwenye fimbo ya ushahidi kila rangi ilikuwa imeshuka kwa kipimo kile kile. Nesi alileta futi ya kitambaa, ile ya kupimia matumbo ya wajawazito, akapima mara mbili.

"Kumi na nne," alisema. "Sentimita kumi na nne."

"Themanini na nane, jumlisha kumi na nne?"

"Mia na mbili." Nesi aliketi juu ya boksi la bandeji. "Amepita njano kwa nane. Vidole vinne. Mungu wangu, na mimi nimemwita mwongo."

Inspekta alizilaza fimbo zote mbili, akachungulia nyayo. Ya stoo ilikuwa nyeusi kwa uchafu wa miaka, kingo zimelika, na juu kidogo ya wayo kulikuwa na tarakimu iliyochomwa kwa chuma cha moto: 4. Ya Mama Fimbo ilikuwa safi na nyeupe, kingo kali. Hakukuwa na tarakimu.

"Zote zina namba?"

"Zote. Ya kwake ni tisa."

"Na hakuna aliyeona?"

"Nani anatazama chini, Afande? Chini hakuna rangi. Kila mtu anaangalia juu, kichwa kinafika wapi."

Mnara alikuwa akihesabu kwa vidole. "Jumatatu ilikuwa nzima. Jumanne asubuhi ni fupi. Kwa hiyo imekatwa usiku wa Jumatatu." Akasita. "Ililala wapi?"

Inspekta hakuhitaji rejista kwa hilo. Nyumba ya kwanza ya Jumanne ilikuwa imeshasomwa mara nyingi mno siku ile.

Aliomba simu ya zahanati akapiga kituoni. "Mleteni Mama Fimbo uani kwa Kinyozi. Ndiyo, sasa hivi. Hapana. Mbuzi abaki."

*

Uani kwa Kinyozi walikuwa wamejaa watu tangu jana. Wengine walikalia ndoo, wengine walikalia kiti chenyewe cha kunyolea kwa zamu. Walipomwona Inspekta walinyamaza. Walipoiona fimbo wakaanza kunguruma.

"Msiingize hilo dude humu!"

"Mmekuja kumalizia watoto?"

Kinyozi alitoka mlangoni. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mikono safi sana. "Afande, mtoto amelala."

"Nitaongea taratibu," alisema Inspekta, akaingia, Mnara akimfuata na fimbo.

Chumba kilikuwa kimoja: meza, sanduku, beseni, kitanda. Mama wa mtoto alikuwa kichwani mwa kitanda akipunga hewa kwa jalada la daftari. Mtoto alikuwa macho, mdogo sana kwenye kitanda kile, midomo imekauka.

"Huyu ndiye Kifaranga?"

"Mimi sio Kifaranga," alisema mtoto kwa sauti ya kukwaruza. "Mimi mkubwa."

"Kweli. Hata rejista inasema." Inspekta aliketi pembeni mwa kitanda. Alijitikisa kidogo mbele, kidogo nyuma. "Kitanda imara hiki."

"Kilikuwa hakifai," alisema mke. "Kila akigeuka, kinamwangusha. Jumatatu jioni ndiyo kikakatika kabisa. Baba yake akakitengeneza usiku huo huo, namshukuru."

Kinyozi alisema, "Mama, kamletee Afande maji."

"Sina kiu." Inspekta alikwishainama. Kitanda kilikuwa na matendegu manne. Matatu yalikuwa mekundu ya rangi ya zamani. La nne, upande wa ukutani, lilikuwa kisiki kilichoungwa kwa kipande cha mti kilichofungwa waya. Inspekta aliwasha tochi. Kwenye kile kipande, kichwa chini miguu juu, ilisomeka tarakimu tisa iliyochomwa kwa chuma cha moto.

Alizima tochi. "Mti huu umeutoa wapi, bwana Kinyozi?"

Mke ndiye aliyejibu. "Kauokota kule wanakojenga." Akamtazama mumewe. "Si ndivyo ulivyoniambia?"

Kinyozi alitazama mikono yake.

"Rangi zote ziko juu, Afande," alisema hatimaye. "Kule chini ulikuwa mti mtupu. Duka la mbao limefungwa, mtoto analala chini, fimbo hii hapa imesimama pembeni, mti mgumu, mkavu. Nikasema, kipande tu. Fimbo haitapungukiwa na kitu. Nilikata kwa uangalifu, ili isimame sawa."

"Ilisimama sawa kabisa. Ulijua lini?"

"Jumanne jioni. Nesi alipomweka ukutani. Akasema, huyu mbona hajafika? Hapo nikajua."

"Na Jumatano asubuhi ukaja kuandikisha mashtaka."

"Walikuwa wameshajaa hapo nje! Watu wote wananitazama mimi, wanasema Kinyozi sema neno, wewe ndiye baba. Ningesema nini?"

Jalada la daftari lilikuwa limeacha kupunga. Mke alimtazama mumewe kama anayetazama picha ya mgeni kwenye bango. "Nililala macho namlaani yule mama," alisema. "Usiku mzima. Na wewe umelala hapa, unanisikia."

Nje, gari la polisi lilisimama, na kelele zikapanda. Mama Fimbo alikuwa amefika. Inspekta alitazama saa yake. Saa nane na nusu.

"Nikitoka mimi nikawaambia, watasema polisi wamehongwa vidonge," alisema. "Watakuamini wewe tu, kwa sababu wewe ndiye uliyewaambia ile ya kwanza. Gari la wilaya linakuja saa kumi. Likiondoka na makopo, watoto wa nyumba mia mbili wanangoja mwaka. Yule mama analala tena na mbuzi."

"Watanipiga."

"Inawezekana."

"Nyumba kumi na moja zimetapika kwa sababu yangu."

"Hilo ni hakika."

Kinyozi alipiga magoti, akaingia uvunguni. Waya ulimchelewesha. Alipouchomoa mti, pembe ya kitanda ilianza kuzama, na mtoto akashika shuka.

"Baba, kitanda kinalala!"

Mnara alikuwa amekwishafika. Alichuchumaa pembeni ya ukuta, akajikunja mara tatu ili atoshe, akaingiza kiganja chini ya mbao na kuinua. Kitanda kikanyooka. Mtoto akamkagua.

"Wewe ndiye mguu?"

"Ndiyo, dada."

Kinyozi aliinua fimbo kwa mkono mmoja na kipande kwa mkono mwingine. Mlangoni alisimama, akageuka kumtazama mkewe. Mkewe alikuwa akimtazama mtoto. Akatoka.

Ndani hawakuyasikia maneno yote. Walisikia sauti yake ikianza ndogo, mtu akipaza "Ongea!", na sauti ikianza upya. Walisikia mti ukigongwa kwenye mti, kipande kikirudishwa mahali pake ili watu waone. Kisha hawakusikia kitu. Inspekta alikuwa amesimama nyuma ya pazia, mkono kwenye kitasa.

Jiwe lilipiga bati la paa, likaviringika, likaanguka nyuma ya nyumba. Mama wa mtoto alimlalia mwanawe kifudifudi.

La pili halikuja. Badala yake ilikuja sauti ambayo mtaa mzima uliijua, kwa kuwa ilikuwa imewaamuru kuinua ndimi kwa miaka saba.

"Wewe uliyerusha, nimekuona! Nyumba ya kumi na sita! Umepewa vitano badala ya vinne, kichwa kinakuzunguka, ndiyo maana umelenga mtu ukapiga bati! Weka chini hilo lingine. Kinyozi, lete waya na msumari, iunge hiyo fimbo hapa hapa mbele yangu. Na mtu akamwite mwenyekiti aje na kalamu yake. Nani hajala leo?"

Halafu mtu mmoja, mzee kwa sauti, akauliza kama fundi viatu wa miaka sabini na moja anaweza kupimwa tena, maana mkewe amekuwa akimtania kwamba amerefuka.

Uvunguni mwa kitanda jasho lilikuwa likimtiririka Mnara mpaka kwenye kola.

"Afande," alinong'ona. "Naweza kuachia?"

Inspekta alichungulia nje kwa upenyo wa pazia. Watu kama kumi walikuwa wamesogea kwenye fimbo. Wengine, wengi zaidi, walikuwa bado wamemzunguka Kinyozi, na walikuwa hawajaketi.

"Bado," alisema.